Saa Moja na Nusu Hadi kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipotuambia kwamba anaolewa, mama alikuwa jikoni kwangu Al Wukair akichambua mchicha. Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ili waonane vizuri. Nyuma ya mdogo wangu kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha hilo weupe mtupu. Ulikuwa mwezi wa nne unaisha, na sisi huku Doha tulishaanza kutembea kwa kufuata vivuli vya kuta.

"Na nani?" mama akauliza.

"Na yule niliyekuambia. Wa huku."

"Wa huko wako wangapi?"

"Si wengi, mama. Kijiji kizima kingeingia kanisani kwetu na viti vikabaki."

Mama hakucheka. Alirudi kwenye mchicha wake, akavunja mashina mawili matatu, kisha akasema bila kuinua macho, "Niambie siku, nije."

Alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Taita, na viza ya Kanada alikuwa nayo tayari katika pasipoti. Mdogo wangu alikuwa amemwombea tangu mwaka uliotangulia, ila kila mara safari iliahirishwa kwa sababu moja au nyingine. Sasa sababu ya kwenda ilikuwa imepatikana.

Mimi na mdogo wangu tulizaliwa wasichana wawili tu, na baba alifariki tukiwa bado shuleni. Sote wawili tuliingia Doha kwa mkono wa baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye ameendesha magari ya watu hapa tangu minara mingi ya West Bay haijasimama. Yeye ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege, mmoja baada ya mwingine, akatuonyesha mahali pa kununua unga wa ugali na namna ya kuongea na msimamizi asiyetaka kukusikiliza. Nayasema haya mapema ili mtu asimdhanie kuwa mtu mbaya. Mimi nilipata kazi ya kushughulikia kompyuta za ofisi moja West Bay, nikabaki. Mdogo wangu ni muuguzi. Alifanya kazi hapa miaka kadhaa, kisha akahamia Kanada, na alipofika huko akaomba kwenda mahali ambapo wenzake hawakupataka: kijiji kimoja katika visiwa vya kaskazini kabisa, chenye kituo cha afya, duka, shule, kanisa, na uwanja wa ndege wa changarawe uliobanwa kati ya mlima na bahari iliyoganda. Hakuna barabara inayotoka pale kwenda popote. Bwana harusi alikuwa fundi wa mitambo ya kijiji, mzaliwa wa palepale, na mwindaji kama baba yake. Walifahamiana siku alipokwenda kituoni kushonwa kidole.

Ijumaa iliyofuata, siku ya ibada kwa makanisa ya huku, tulikwenda kanisani Abu Hamour. Baba mdogo anakaa karibu na hapo, na ibada ikiisha huwa anatusubiri kwenye maegesho, gari limewashwa ili viti vipoe. Siku hiyo alikuwa amesimama nje ya gari, juani. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Shemeji," akamwambia mama, "nimesikia maneno. Natumaini ni maneno tu."

"Si maneno. Nakwenda mwisho wa mwezi ujao."

"Kwenda kufanya nini?"

"Kumwoza mwanangu."

Baba mdogo alivua miwani ya jua akaifuta kwa ncha ya shati. Si mtu wa kupaza sauti. Akikasirika hunong'ona, na hapo ndipo watu humwogopa. "Shemeji, mwanamke haozi. Tunaoza sisi. Hawa watu hatujawaona. Hawajatuma mtu, hawajabisha hodi kwenye mlango wowote wa nyumba yetu. Sasa wewe unakwenda kumtoa binti kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yangu."

"Na presha yako? Na hayo magoti?"

"Vyote nakwenda navyo."

Akanigeukia mimi. "Na wewe uko hapo umenyamaza. Mwambie mama yako huko anakotaka kwenda ni wapi."

Nilikuwa nimeshaangalia. Kuna kurasa za mtandao ambazo ukiziandikia majina ya viwanja viwili vya ndege zinakuchorea mstari ulionyooka juu ya ramani, zinakupa kilomita, zinakupa na muda wa safari. Njia ya mama ilikuwa ndefu, kutoka Doha hadi Montreal, kisha ndege baada ya ndege kuelekea juu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Lakini kipande kilichonitia hofu kilikuwa cha mwisho, kati ya viwanja viwili vya huko barafuni, na ukurasa ule ulikuwa umenituliza. Umbali ulitoka karibu sawasawa na wa Doha hadi Dubai. Kwa ndege ndogo, ulisema, kama saa moja na nusu.

"Si mbali, baba mdogo," nikasema. "Kile kipande kigumu ni kama kwenda Dubai tu."

"Dubai ndege zinakwenda kutwa kucha," akasema. "Haya. Mkienda, mjue mmekwenda bila mimi. Na mkikwama msinipigie simu."

"Sawa, shemeji," mama akajibu, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akanishika mkono. Tukalipita lile gari lenye viti vilivyopoa, tukatembea hadi barabarani kutafuta teksi. Jasho lilinitiririka mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii sikuwa nimefanya alilotaka baba mdogo.

Jioni nilimsimulia mdogo wangu kwa simu mambo yote, pamoja na hilo la Dubai.

"Dada, hiyo saa moja na nusu ni ya ndege ikiwa hewani," akasema. "Haisemi itaruka lini. Haisemi kama ikifika itatua. Huku upepo ukishuka mlimani, rubani hashuki. Mwambie mama apange kwa siku, asipange kwa saa."

Nilimwambia mama vilevile, neno kwa neno. Akauliza, "Kwani huko kuna mtu anayenidai nirudi haraka?"

Kutafuta koti zito Doha mwezi wa tano ni kazi ya peke yake. Tulizunguka maduka hadi tukampata muuzaji mmoja, kijana wa Nepal, aliyekuwa na makoti ya kupanda milima yamewekwa juu kabisa ya rafu, ndani ya mifuko ya plastiki yenye vumbi. Alipanda ngazi akayashusha. Mama alijaribu moja jekundu lenye kofia ya manyoya. Lilimfika magotini. Alisimama mbele ya kioo akijitazama, watu waliovaa ndala na fulana wakapita wakimtazama pia, na mwanamke mmoja akamwonyesha mwanawe kwa kidole.

"Unakwenda wapi, mama?" yule kijana akauliza kwa Kiingereza.

"Kwa binti yangu," mama akamjibu, naye kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni. "Anakaa juu ya dunia."

Kijana akacheka, akatuambia kwao nao wako juu ya dunia, akatutafutia na glavu.

Siku ya kuondoka, kundi la familia kwenye simu lilikuwa limejaa ujumbe. Binamu zetu wa Nairobi na Voi waliandika kwa upole wa kuchoma. Mmoja alisema anaiombea afya ya mama. Mwingine aliuliza kama huko kuna hospitali, wakati anajua fika mdogo wangu anafanya kazi gani. Baba mdogo hakuandika kitu. Mama aliniomba nimsomee yote tukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, maana miwani yake ilikuwa ndani ya mkoba. Nilipomaliza akasema, "Wajibu kwamba nimewasikia." Nikaandika hivyohivyo: mama amewasikia. Kisha akaingia ndani na koti lake jekundu mkononi, bila kugeuka, kwa sababu alishaniambia akigeuka atalia na hataki kulia mbele ya polisi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Alinipigia akiwa Montreal, akanipigia tena alipofika mji mkuu wa lile jimbo la kaskazini, na baadaye alipofika kile kiwanja cha kabla ya mwisho. Hapo mambo yakasimama. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barafu, na ndege ndogo ya kwenda kijijini kwa mdogo wangu haikuruka. Haikuruka siku ya pili pia. Mama alilala kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na uwanja, na asubuhi alirudi kukaa kwenye chumba cha abiria, chenye mabenchi machache, birika la kahawa na dirisha moja kubwa. Alinielekezea simu dirishani. Sikuona kitu. Nikamwambia sioni kitu.

"Ndiyo hichohicho tunachokiangalia," akasema. "Ni kama kwetu Wundanyi mwezi wa saba, ila hapa hakuna migomba."

Siku iliyofuata ukungu ulifunguka na ndege ikaruka. Mdogo wangu aliniandikia kwamba imeondoka. Nilikuwa kazini, nikatoka nikaenda kusimama kwenye korido karibu na lifti, ambako simu inashika vizuri. Nilihesabu muda ule kama mtu anayengojea ugali uive. Nikasema sasa wako katikati. Nikasema sasa wanakaribia. Ule mstari ulionyooka wa kwenye ramani ulikuwa umeniingia kichwani, na nilimwona mama akiteleza juu yake kama ushanga kwenye uzi.

Kisha mdogo wangu akapiga simu. Alikuwa analia, na nyuma yake upepo ulivuma kiasi kwamba nilisikia maneno nusunusu.

"Ilikuja, dada. Tuliisikia. Tulikuwa tumesimama wote uwanjani, mimi na wakwe na watoto wa shule. Ikapita juu yetu mara ya kwanza, ikazunguka, ikapita mara ya pili. Niliona madirisha. Halafu ikageuka ikarudi."

Upepo ulikuwa umeshuka mlimani, kama alivyosema. Rubani alijaribu, akaona haiwezekani, akawarudisha abiria wake kulekule walikotoka. Ile saa moja na nusu mama aliikaa yote, akakaa na nyingine ya kurudi, akajikuta kwenye benchi lilelile aliloliacha asubuhi.

Aliponipigia sauti yake ilikuwa ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia hivyo katika safari nzima. "Nimekiona kijiji," akasema. "Ni nyumba za rangi rangi chini ya mlima mkubwa mweusi. Nimewaona watu wadogo wamesimama. Mmoja alikuwa anapunga mikono miwili. Najua ni yeye, alikuwa akipunga hivyohivyo akitoka shule."

Nikamuuliza kama amekunywa vidonge vyake.

Hapo ndipo akaniambia alilokuwa amenificha. Vidonge vya presha vilikuwa kwenye begi kubwa, na begi kubwa lilibaki nyuma, kwa kuwa ndege ya kabla ya hapo ilikuwa na mzigo mwingi. Alikuwa ameishi na vidonge vichache vilivyokuwa mkobani, na sasa hivyo navyo vilikuwa vimekwisha.

Habari kwamba ndege imerudi ilifika kwenye kundi la familia kabla sijakaa chini. Sijui nani aliipeleka. Binamu wa Nairobi akaandika kwamba Mungu husema na watu kwa njia nyingi. Mwingine akaandika, "Tulisema lakini." Sikujibu. Mchana huohuo msichana wa mapokezi akanipigia kwamba nina mgeni chini.

Alikuwa baba mdogo. Alisimama katikati ya ukumbi ule wa marumaru, amevaa sare yake ya udereva, kofia mkononi, na watu wa ofisi wakimpita huku na huku. Tukaenda kukaa pembeni kwenye makochi ambayo hakuna mtu anayeyakalia.

"Kuna ndege inayotoka pale kwenda kusini kesho," akanong'ona. "Nimeulizia kwa mtu. Nafasi ipo. Mwambie arudi."

"Ulituambia tukikwama tusikupigie, baba mdogo. Na hatukukupigia."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Alinitazama, na nikaona macho yake mekundu, ya mtu ambaye hajalala. "Huyo ni mke wa marehemu kaka yangu. Akifia huko barafuni, mimi ndiye nitakayeulizwa. Sio wewe. Wewe utalia tu, watu watakuhurumia. Mimi nitaulizwa mbele ya wazee nilikuwa wapi. Uliniambia ni kama kwenda Dubai. Haya, mama yako yuko wapi?"

Maneno yale yaliniingia. Yalikuwa na ukweli ndani yake, na kwa muda mfupi nilitamani kumtii. Ilikuwa rahisi sana. Ningepiga simu, ningesema mama rudi, naye huenda angerudi, kwa ajili yangu. Mdogo wangu angeolewa bila mtu wa kwao, na sote tungesema tulijaribu.

"Sitamwambia," nikasema.

"Unasema nini?"

"Nasema sitamwambia arudi. Akitaka kurudi mwenyewe, nitamkatia tiketi leo hii. Lakini sitakuwa mimi wa kumwambia. Ameona mtoto wake kutoka juu, baba mdogo. Amemwona kwa macho. Unataka nimwambie ageuze?"

"Nakuagiza kama baba yako."

"Nimekusikia kama baba yangu. Na bado sitamwambia."

Baba mdogo aliizungusha kofia yake, kisha akainuka akaenda. Hakuaga. Kupitia kioo nilimwona akiingia kwenye gari la tajiri wake, akakaa muda bila kuliwasha.

Niliporudi juu msimamizi wangu akaniuliza kama kuna tatizo nyumbani. Nikamwambia hapana, kuna harusi.

Suala la vidonge nilimwachia mdogo wangu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Akampigia muuguzi wa kituo cha afya cha pale mama alipokwama. Lakini kituo hicho kilikuwa ndani ya kijiji cha pale, uwanja wa ndege uko nje kidogo, na nje baridi ilikuwa ya kuuma. Mama akaniambia nisihangaike, kuna mzee mmoja atampeleka. Nikamuuliza mzee gani.

"Abiria mwenzangu. Alikuwa kiti cha mbele yangu tuliporudishwa. Ana viatu vya ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini wa huku, amevishona mkewe."

Yule mzee alikuwa mwenyeji wa kule, amezoea kusubiri ndege. Waliporudi kwenye lile benchi alimletea mama kahawa, akamwambia pole, akamuuliza anakwenda kufanya nini mbali namna ile na kwao. Mama akamjibu kwamba anakwenda kumwoza binti yake, muuguzi wa kijiji. Yule mzee akaiweka kahawa yake chini.

"Basi sisi tuna shughuli moja," akasema. "Mimi ndiye kasisi. Ndiye ninayekwenda kuwafungisha."

Kijiji kile hakikuwa na kasisi wake wakati huo, kilikuwa kinamngoja huyu kutoka kisiwa kingine. Ile ndege iliyogeuka ilikuwa imegeuka na harusi yote. Mama alinisimulia hivyo huku akicheka, na ile sauti ya chini ilikuwa imeondoka kabisa. "Mwambie mdogo wako atulie," akasema. "Hawawezi kuanza bila sisi. Na hata nikilala hapa mwezi mzima, huyu mzee nitakuwa naye."

Aliposindikizwa kituoni, presha yake ilikuwa juu, lakini si ya kutisha. Akapewa vidonge. Njiani kwenda na kurudi, ndani ya gari la mtu, akamhoji kasisi habari zote za bwana harusi: kama anakunywa, kama anampiga mtu, kama mama yake ni mkali, kama nyama anayowinda anagawa au anakula peke yake. Kasisi alimjibu yote. Hapo kabla wazee wetu walikuwa wakituma watu kwenda kuchunguza ukoo wa kijana, na mama alikuwa ameifanya kazi hiyo yeye mwenyewe, ndani ya koti jekundu, na shahidi akiwa mtu wa Mungu.

Kwenye kundi la familia niliandika mistari michache tu. Niliandika kwamba mama hajambo, kwamba kasisi wa harusi yuko naye, na kwamba harudi. Baadaye simu ikaonyesha kwamba baba mdogo ametoka kwenye kundi.

Ndege iliruka tena baada ya siku mbili nyingine za ukungu. Safari hii sikusimama karibu na lifti. Nilikuwa kwenye metro kutoka West Bay, nimebanwa kati ya watu waliotoka kazini, simu ikatetemeka. Mdogo wangu hakuwa ameandika kitu. Alikuwa ametuma sauti tu: injini, upepo, mbwa wakibweka, kisha watoto wakipiga kelele kwa lugha nisiyoijua, na katikati ya hayo yote mama akisema kwa Kitaita, kwa utulivu wa mtu aliyetoka sokoni, kwamba magoti yamekufa ganzi, mtu ampe mkono ashuke. Niliisikiliza mara nyingi, hadi nikapitishwa kituo changu.

Harusi yenyewe niliiona vipande vipande, kwa sababu mtandao wa huko unakwenda kwa kusuasua. Niliona kanisa dogo la mbao, watu wamevaa majoho yenye kofia za manyoya. Nilimwona mdogo wangu amevaa gauni jeupe na viatu vya ngozi ya sili alivyoshonewa na mama mkwe. Mama alikuwa mbele kabisa. Alikuwa amelivua koti, amejifunga kitenge juu ya sweta, na leso mabegani. Kasisi alipouliza ni nani anayemtoa bibi harusi huyu, picha ikaganda. Sauti iliendelea.

"Mimi mama yake," nikamsikia akisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza ili waelewe. "Mimi na baba yake, ambaye amelala Taita."

Nilikuwa nimekaa sakafuni sebuleni kwangu, mgongo kwenye kochi, kiyoyozi kinanguruma. Nililia, sikatai. Lakini kilio kile hakikuwa cha huzuni. Nilikuwa nataka mtu mmoja wa lile kundi aniulize kitu wakati ule, kitu chochote, nimjibu.

Mama alikaa huko hadi barafu ya baharini ilipoanza kupasuka. Alinitumia picha za mlima, za mbwa, za mkwewe akimfundisha kupasua samaki aliyeganda. Aliporudi alipitia Doha kabla ya kwenda nyumbani, amepungua mwili kidogo, uso umeungua kwa jua lisilozama la kule. Alilala siku nzima. Alipoamka aliniambia nimpeleke Abu Hamour.

"Hajatualika," nikasema.

"Mimi shemeji yangu simngojei anialike."

Baba mdogo alifungua mlango akiwa na fulana na kikoi. Alituangalia, akasogea pembeni tupite. Chumba chake ni kidogo, kitanda, meza, jiko la gesi kwenye kona. Alichemsha chai ya maziwa na iliki, akammiminia mama kwanza. Mama aliinywa yote kabla ya kusema neno. Kisha akatoa picha alizokuwa amechapisha Kanada akaziweka mezani, moja moja, bila haraka. Baba mdogo hakuzigusa, lakini alizitazama.

"Mlinidharau," akanong'ona.

"Hatukukudharau, shemeji," mama akasema. "Ungekuwa umedharauliwa nisingekuwa nimekaa hapa nakunywa chai yako. Tulikukatalia. Kukataliwa na kudharauliwa si kitu kimoja, na wewe ni mtu mzima, unalijua hilo."

"Nitawaambia nini wazee?"

"Waambie nilikwenda. Wakiwa na swali, mimi nipo Taita, nyumba wanaijua."

Baba mdogo alikaa muda mrefu akiiangalia picha moja, ile ya bwana harusi akiwa amesimama kando ya mtambo wake wa theluji, anacheka. Akauliza jambo moja tu, kama kijana yule ni mchapakazi. Mama akamwambia ampigie amuulize mwenyewe, namba ipo. Hakuipokea.

Alituendesha hadi Al Wukair jioni hiyo, viti vimepoa kama zamani. Mama alisinzia kiti cha mbele, kichwa kimeegemea dirisha.

Hadi leo baba mdogo hakubali kwamba ile ilikuwa harusi. Akimtaja mdogo wangu husema yule wa Kanada, na akimtaja shemeji yangu husema rafiki yake. Hajarudi kwenye kundi la familia. Ijumaa hutusalimu, nami humwamkia kwa heshima zote, kwa kuwa ni baba yangu mdogo na alinipokea nilipokuwa sina mtu. Lakini sijamwomba msamaha, na hajanisikia nikisema kwamba nilikosea siku ile pale ofisini. Mwaka huu mdogo wangu ametuambia ana mimba. Atapelekwa kujifungulia kusini, kisha atarudi kijijini na mtoto, na mama ameshaanza kuulizia viza. Safari hii nakwenda naye. Nimeomba likizo. Msimamizi wangu aliniuliza safari hiyo ni ya muda gani, nikamwambia sijui, kule hatupangi kwa saa.